Sahihi ya Shemeji

Mwelu aliujua wosia wa baba yake kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni yeye aliyeuchapa.

Baba mtu, Mzee Mutuku, alistaafu kazi ya reli zamani, akaondoka Voi akaenda kulima Salaita, upande wa Taveta, ambako mvua hunyesha ikipenda. Alichimba kisima, akapanda ndengu na matikiti, na baadaye vitunguu. Mkewe alipofariki alizikwa hukohuko, nyuma ya nyumba. Ile nyumba yao ya zamani ya Voi, mtaa wa Sofia, alimwachia Mwelu akae na binti yake Rita. Watoto wa mzee walikuwa wawili tu, wote wa kike, Mwelu na mdogo wake Mutheu, waliopishana miaka tisa. Mali nayo ilikuwa nyumba hiyo na shamba hilo, basi. Mtu akiwatazama kwa mbali angesema hapo hapana la kugombania.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili mzee alikuja Voi kupimwa macho, na alipotoka kliniki akapitia kwa binti yake mkubwa. Alikunywa chai vikombe viwili, akauliza habari za Rita chuoni, kisha akatoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Rita," alisema, "wewe unafanya kazi kwa wakili. Nichapie hii. Iweke maneno ya kiofisi, lakini mambo yenyewe usibadilishe."

Mwelu alikuwa karani wa Wakili Nasiha mwaka wa kumi na tisa huo. "Baba, si twende tu kwa wakili mwenyewe? Ofisi ni hapo karibu na stendi. Atakuandikia vizuri."

"Kwa nini nisumbue watu na mimi nina mtoto hukohuko? Miaka yote hiyo hujajifunza?" Mzee alicheka, na Mwelu naye akacheka. Moyo ulimpanda. Hakukumbuka mara ya mwisho baba yake kuja kwake na jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kumfanyia.

Baada ya mzee kwenda zake ndipo alipoikunjua ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wa kulala upande, mwandiko wa mtu aliyejaza daftari za treni maisha yake yote. Nyumba ya Voi ilikuwa ya Mama Rita. Shamba la Salaita pamoja na nyumba iliyomo lilikuwa la "Mutheu wangu". Na chini yake mzee alikuwa ameongeza mstari mmoja: *Shamba nampa yeye kwa sababu ndiye aliyebaki na mimi.*

Alisoma mstari huo, akaenda jikoni kusuuza vikombe, akarudi akausoma tena.

Si kwamba nyumba ilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa ya mawe, ipo mjini, ina maji na umeme, na yeyote angesema aliyepunjwa ni Mutheu. Lakini ndiye aliyebaki! Mama yao alipougua saratani, ni Mwelu aliyeomba ruhusa kazini akaenda kukaa Salaita miezi minane. Alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko cha chai. Rita alikuwa darasa la nne, akaachwa kwa jirani. Mutheu wakati huo alikuwa Mombasa akisomea kazi ya hoteli, na alikuja Krismasi, nywele zimesukwa upya, akakaa siku tano, na siku zote tano mzee alitabasamu. Mutheu alirudi shambani juzijuzi tu, miaka minne haijafika, baada ya gereji ya mumewe kufungwa. Alirudi kwa kukosa pa kwenda, na sasa hilo lilikuwa limegeuka kuwa kubaki.

Alimpigia baba yake simu. "Baba, huu mstari wa mwisho niuandike vilevile?"

"Andika, watu wasije wakauliza sababu."

"Na mimi nilipokaa huko na mama?"

Sauti ya mzee haikuwa ya mtu aliyeumbuliwa, bali ya mtu ambaye hajaelewa swali. "Wewe ulikuwa unamuuguza mama yako," alisema.

"Ndiyo, Baba," Mwelu akajibu, na akaandika vilevile.

Aliuchapa Jumatatu saa ya chakula, ofisini, mlango wa Wakili Nasiha ukiwa wazi. Wakili huyo alikuwa mwanamke wa makamo, wa ukoo wa kina Alwi, watu waliohamia Voi kutoka pwani na kufungua maduka tangu enzi za babu zao. Alikuwa na mambo yake ambayo kila mteja wa wosia lazima ayasikie kabla ya kuketi sawasawa. Shamba litajwe kwa namba ya hati, si kwa jina la mahali. Atajwe mtu wa kuusimamia wosia. Kisha huinua kidole: "Na shahidi asiwe mrithi, wala mume wa mrithi, wala mke wake. Mashahidi wawili, watu wa kando. Ukimwekesha sahihi mume wa mtu, umemnyima huyo mtu kwa mkono wako mwenyewe. Kile ulichompa chaanguka, na karatasi itabaki nzuri vivyo hivyo." Mwelu alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi hata aliweza kuyatamka kimoyomoyo huku akitoboa karatasi za faili.

Namba ya hati ya shamba aliiweka. Jina la msimamizi, lake mwenyewe, aliliweka. Aliifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, kama mtu anayetaka aonekane hana kinyongo.

Jumapili iliyofuata alikwenda Salaita. Alikuwa amenunua shada la maua ya plastiki la kuweka kaburini kwa mama yake. Alipozunguka nyuma ya nyumba akalikuta kaburi limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ndani ya mawe kumepandwa maua hai, mekundu na ya manjano, udongo umelowa maji ya asubuhi ile. Alisimama pale na shada lake. Kisha akalirudisha kwenye mfuko, akaufunga fundo.

"Dada, umeyaona?" Mutheu alimjia akijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa amenenepa kidogo, na unene ulimpendeza. "Baba ndiye huyamwagilia. Nikimwahi ananuna."

"Nimeyaona," Mwelu alisema. "Ni mazuri." Aliitambua leso. Ilikuwa ya mama yao, ile ya zambarau, na yeye ndiye aliyeifua na kuikunja na kuiweka sandukuni baada ya mazishi, kwa sababu hakuweza kuivaa.

Walikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na kuku. Mzee aliongeza sahani mara mbili, akamsifu Mutheu kwa chumvi, akamsifu kwa ndengu zilizochanua, akasimulia jinsi Mutheu alivyomfukuza tumbili shambani kwa sufuria na mwiko, akacheka hadi akakohoa. Mwelu alimtazama. Baba huyo mwenye meno yote nje yeye hakuwahi kupewa. Kwake mzee huja na koti, hunywa chai, huuliza habari za Rita na kutazama saa.

Baada ya chakula walikaa ukumbini kutia sahihi. Shahidi mmoja alikuwa tayari, jirani yao Muli, mzee mwenye kofia ya kanisa. Wa pili alikuwa awe Kaloki wa shamba la chini, lakini Kaloki alituma ujumbe kwamba amekwama Taveta na hatafika.

"Tungoje wiki ijayo?" Muli aliuliza.

"Wiki ijayo nani anaijua?" Mzee Mutuku aliita kupitia dirishani. "Josephat! Josephat, kuja hapa utie sahihi."

Josephat, mume wa Mutheu, alikuwa nje akihangaika na injini ya pampu. Alikuwa Mtaita wa Wusi, mtu mpole, asiyependa kuingia mambo ya wakwe zake. Alisimama mlangoni, mafuta mikononi.

"Mimi tena, Baba? Mimi si ni wa hapa nyumbani? Naruhusiwa kweli?"

"Dada ndiye anajua mambo hayo," Mutheu alisema.

Wote wakamgeukia Mwelu. Muli, mzee, Josephat mwenye vidole vyeusi, na Mutheu aliyeketi juu ya mkono wa kiti cha baba yake na kumwegemea kidogo begani, bila hata kujua kwamba amemwegemea.

Kama Mutheu angekuwa ameketi mahali pengine, pengine ingekuwa vingine. Mwelu alijiuliza jambo hilo mara nyingi baadaye. Neno lilikuwa kinywani, fupi tu: hapana, hawezi. Alimtazama mdogo wake pale begani, na neno likashuka.

"Nawa mikono kwanza," alimwambia Josephat. "Kisha uandike hapa chini, jina lote na namba ya kitambulisho."

Akampa kalamu yake mwenyewe.

Jioni ile alirudi Voi akiwa mwepesi, hata akajishangaa. Alimpigia Rita simu, wakaongea mambo ya mzaha. Kazini alifanya kazi kwa nguvu. Kila alipowaza shamba lile, na maua yale, na leso ile, alijiambia: karatasi inasema lake, lakini si lake. Alikuwa na kitu ambacho Mutheu hakuwa nacho na hakujua kwamba hana. Kwa wiki kadhaa kilimlaza usingizi mtamu.

Tena hakuwa amesema uongo. Josephat aliuliza kama anaruhusiwa, naye akamwambia anawe mikono. Nani angemshika kwa hilo?

Utamu huo haukudumu. Mwezi wa nne Wakili Nasiha alimpokea mjane mmoja aliyekuwa na wosia wenye kasoro ileile, sahihi ya mkwe. Mwelu ndiye aliyempelekea maji mama huyo alipoanza kulia. Siku hiyo aliamua. Si jambo kubwa, alijiambia. Ni kuchapa karatasi upya, kumwita Muli na Kaloki, kumwambia mzee kwamba kuna kosa dogo lililopita machoni. Angeuchapa kesho.

Usiku haujaingia, simu ikalia. Mutheu alikuwa ametuma picha. Baba yao amevaa sweta jipya la buluu, amesimama katikati ya vitunguu kama mtu aliyepewa cheo. *Nimemfumia mwenyewe dada, hataki kulivua hata kwa jua hili!* Mwelu alikumbuka shati alilomletea Krismasi. Mzee alisema asante, akaliweka ndani ya pakiti yake, na pakiti hiyo Mwelu aliiona juu ya kabati siku ya kutia sahihi, haijafunguliwa.

Kesho yake hakuchapa kitu. Wala wiki iliyofuata. Ilikuwa hivyo kila mara. Akikaribia kutenda jambo la haki, huja picha, au kicheko nyuma ya simu, au mzee kumwambia "ongea na Mutheu atakueleza," na yeye huirudisha ile haki ndani kama mtu anayerudisha nguo sandukuni kwa sababu msimu haujafika.

Mwezi wa saba mzee alianguka kwenye mitaro ya vitunguu. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Walimlaza hospitali, upande wa kulia hausogei, ulimi hausemi, ila macho yaliona na masikio yalisikia. Mwelu alifika na azma moja moyoni. Angemuuliza daktari kama mzee anaweza kuelewa anachosomewa na kuweka kidole gumba, na kama daktari anaweza kuandika barua ya kuthibitisha hivyo. Alijua taratibu hizo. Alikuwa na karatasi mpya ndani ya mkoba, safi, haina kosa, pameachwa nafasi ya mashahidi wawili wa kando.

Saa ya chakula alichukua bakuli la uji akampelekea mzee kijiko mdomoni. Mzee alifumba midomo. Alijaribu tena, akambembeleza, kama alivyombembeleza mama yake miaka ile. Mzee akageuza uso ukutani. Ndipo Mutheu akaingia kutoka dukani na chupa ya maji, akaketi, akachukua kijiko kilekile, uji uleule, na mzee akafungua mdomo.

"Hupenda utulie kidogo kwanza," Mutheu alisema kwa upole. "Ukiharakisha anakataa."

Daktari alipita muda si mrefu baadaye. Alisimama mbele ya Mwelu akauliza kama familia ina swali lolote.

"Hatuna," Mwelu alisema.

Mzee alifariki Alhamisi, siku tatu baadaye. Walimzika kando ya mkewe. Mwelu alilia mazishini kuliko alivyotarajia, na watu walisema ndivyo wafanyavyo wazaliwa wa kwanza.

Mwezi wa tisa Mutheu alikuja Voi na Josephat, ameushika wosia ndani ya bahasha ya kaki. Mwelu alikuwa amependekeza wakili mwingine, akasema si vizuri kupeleka mambo ya nyumbani mahali anapofanyia kazi. Mutheu hakusikia hata kidogo. "Twende kwa Wakili Nasiha wenu. Kwa wageni twende kufanya nini?"

Wakili Nasiha aliwapa pole, akamwambia Mwelu naye aketi, leo ni mteja. Akavaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza polepole, akitikisa kichwa kuonyesha kuridhika. Namba ya hati ipo, msimamizi yupo, tarehe ipo. Akafungua wa pili. Kidole chake kikashuka hadi chini, kikasimama.

"Josephat Mwadime," alisoma. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, wakili," Josephat alisema.

"Mumewe Mutheu?"

"Ndiyo."

Wakili Nasiha alivua miwani. Hakumtazama Josephat wala Mutheu. "Nani aliuchapa wosia huu?"

"Ni dada," Mutheu alisema. Sauti yake bado ilikuwa na fahari ndani yake. "Kuna shida?"

"Iko shida, mwanangu. Alichokuachia baba yako, mumeo amekishuhudia. Kwa sheria hicho chaanguka. Nyumba ya dadako haina neno, itasimama. Shamba litakuwa kama halikuandikiwa mtu, na litagawanywa baina yenu nyote wawili."

Josephat aliitazama mikono yake. Mutheu akamgeukia wakili kwa haraka, kama mtu anayeona mwenzake akitaka kupigwa. "Lakini dada hakujua! Wakili, usimlaumu. Kaloki hakuja, na baba alikuwa na haraka, kila kitu kilifanyika mbiombio. Mtu yeyote angesahau. Kweli, dada? Mwambie."

Hata hapo, hata shamba likimtoka mikononi, Mutheu ndiye aliyekuwa mwema. Wema huo ulimchoma Mwelu kuliko ambavyo tusi lingemchoma, na kwa kweli aliyosema hakuyasema kwa toba. Aliyasema kwa sababu hakuweza kuvumilia kutetewa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba haruhusiwi. Aliponiuliza, nilijua. Nilikaa na jambo hilo tangu siku ile hadi baba akafa."

Nje kulikuwa na makelele ya stendi, mtu akiita abiria wa Wundanyi. Mutheu alimtazama dada yake muda mrefu, uso wake ukitafuta mahali pa kushika na usipate. Kisha akainuka. Alisahau bahasha. Josephat aliichukua, akasema "Samahani, wakili," kana kwamba kosa lilikuwa lake, akamfuata mkewe.

Wakili Nasiha aliwaacha wamalize kushuka ngazi. "Kazi hii siishiki," alisema. "Waende kwa wakili mwengine, nitampigia simu mimi. Na wewe Mwelu, nipe funguo za kabati la wosia."

"Wakili..."

"Sikufukuzi. Una mtoto chuoni. Lakini watu waliniachia karatasi zao humo kwa kuwa waniamini mimi na walio pamoja nami. Nipe funguo."

Akazitoa kwenye kamba aliyozifunga mwenyewe miaka mingi, kwa tabu, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza.

Yule wakili mwingine, kijana wa ghorofa ya pili mkabala na mahakama, aliwaeleza yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Shamba ni nusu kwa nusu, isipokuwa warithi wakikubaliana vingine, waandike na watie sahihi, mahakama ipitishe. Siku hiyo Mutheu alikaa upande wa pili wa Josephat ili asigusane na dada yake.

Kwa hiyo Mwelu alikuwa amepata. Nyumba nzima na nusu ya shamba. Kwa wiki tano alijaribu kuifurahia nusu hiyo. Aliwaza apande nini, aweke uzio wapi. Alimweleza Rita kwenye simu.

"Mum," Rita alisema, "unataka shamba la nini? Hata nyanya za hapo nyuma zilikushinda."

"Si shamba," Mwelu alisema.

"Ni nini basi?"

Alichokitaka hakikuwa na namba ya hati. Alitaka ule mstari wa mwisho wa karatasi ya baba yake, na mstari huo hakuna mahakama ingeugawa nusu kwa nusu.

Katikati ya mwezi wa kumi alikwenda ghorofa ya pili peke yake, akaandika kwamba anaiacha sehemu yake ya shamba kwa Mutheu. Kijana wa watu alimuuliza mara mbili kama amelazimishwa na mtu. Alimuuliza pia kama anataka kuongeza sharti lolote, njia ya kwenda makaburini, kwa mfano, watu wengi huiomba. Kalamu ya Mwelu ilikaa hewani. Kisha akasema hana sharti, akatia sahihi.

Mutheu hakupiga simu kushukuru, na Mwelu hakutegemea kupigiwa. Alikwenda Salaita mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, bila kualikwa. Josephat alimsalimia kwa heshima akaondoka kwenda kwenye pampu. Mutheu alimkaribisha ndani, akampa kiti kizuri, akatandika kitambaa mezani, akamwekea chai kwenye vikombe vyenye visahani, kama mgeni wa kanisa. Waliongea habari za vitunguu. Waliongea habari za ndovu waliovunja uzio wa Kaloki.

"Nikuulize kitu," Mutheu alisema. "Siku ile Josephat alipotia sahihi. Ulifurahi?"

Mwelu alitazama chai. "Nilifurahi."

"Nimekukosea nini mimi, dada? Niambie kitu kimoja tu nilichokukosea."

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Baba alikupenda."

"Alitupenda sote wawili!"

"Mutheu." Aliweka kikombe chini taratibu. "Wewe alikupenda ukiwa umekaa tu. Mimi alinipenda nikiwa na kazi mkononi. Nikimaliza kazi, anatazama saa."

Mutheu alifungua mdomo kubisha. Mwelu aliona jinsi alivyokuwa akirudi nyuma mwaka kwa mwaka, akitafuta siku moja ya kumpa kama mfano, siku moja tu ambayo baba yao alicheka na Mwelu bila kumtuma kitu. Alitafuta kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa mtu wa hivyo. Akafumba mdomo. Macho yake yakajaa.

"Sijakusamehe," alisema mwishowe. "Nataka ujue. Sijui kama nitaweza."

"Najua."

"Lakini utakula hapa. Huwezi kurudi Voi na njaa."

Walikula. Hakuna aliyesifia chumvi. Walipomaliza Mwelu aliinuka, kwa mazoea, akaanza kukusanya sahani. Mutheu akamshika mkono.

"Acha. Kaa."

Mwelu akakaa. Hakujua mikono aiweke wapi, akaiweka mapajani, akaitoa, akairudisha. Dirishani alimwona mdogo wake akiinama kwenye karai, akisuuza vyombo bila haraka, akiimba kitu kwa sauti ya chini, katika ua ambao sasa ulikuwa wake kisheria na kwa kila namna nyingine. Alimwonea wivu. Alimwonea wivu hata kwa zile sahani. Lakini alikaa pale alipoambiwa akae, hadi Mutheu alipomaliza na kuingia ndani.